Sura ya Saba: Petroli Inaishia Wapi?

Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya ikishapita Ruaha Mbuyuni huanza kuupanda mlima Kitonga, kona baada ya kona, malori yakinguruma kwa gia nzito na korongo likiwa pembeni. Hapo ndipo gari la zamani hutoboa siri zake. Corolla ya miaka ya 1990 iliyokuja vizuri tangu Mikumi huanza kupungukiwa nguvu, huvuta na kuachia, mwishowe huzima. Dereva hufungua boneti, husubiri, hupiga stata. Injini huwaka mara moja. Kona mbili mbele, inazima tena.

Kwenye gereji ya kwanza, mara nyingi hukumu hutolewa kabla boneti haijafunguliwa: pampu ya mafuta imekufa. Pampu ya mtumba inanunuliwa na kufungwa, gari linatembea siku chache, kisha linarudi na ugonjwa uleule. Zinafuata plagi, zinafuata nozeli, halafu mtu anapendekeza kubadili kontroli boksi. Mwenye gari amekwisha kutoa fedha nyingi, na hadi hapo hakuna aliyepima chochote.

Hasara hiyo inaepukika. Kati ya tangi na silinda petroli hupita vituo vinavyojulikana: mfuniko na tundu la hewa, wavu wa ndani ya tangi, pampu, bomba, chujio, kisha kabureta au reli ya nozeli. Kila kituo kina kipimo chake, na vipimo vingi havihitaji mashine ya gharama. Chupa ya plastiki inayoonyesha, kipande cha mpira mwangavu, mita ya umeme na geji ya presha vinatosha kulifikisha tatizo kwenye kona lisikoweza kutoroka.

Injini ilizima vipi, na lini?

Anayeanza kujibu maswali ni dereva. Injini iliyokatiwa moto wa plagi hufa ghafla, kama imezimwa kwa ufunguo. Katika magari mengi yenye mshale wa mizunguko unaosoma koili, mshale huanguka kwenye sifuri gari likiwa bado linaserereka ndani ya gia. Injini iliyopungukiwa mafuta kwa kawaida huaga kwanza: hulegea, hushtuka, pengine hujirudi akselereta ikiachiwa, ndipo izime. Tofauti hiyo peke yake huweza kuokoa siku nzima ya kazi.

Wakati nao una maana. Gari linalotulia vizuri likiwa limesimama lakini likafa mlimani au kwenye mwendo mkali linalalamikia kiasi: petroli inapita, ila haitoshi. Wa kushukiwa ni chujio, wavu wa tangini, bomba lililopondwa au pampu iliyochoka. Gari linalokwenda vizuri barabarani na kuzima kila linapofika kwenye taa za makutano lina ugonjwa mwingine. Injini ikiwa imetulia hutumia mafuta kidogo sana, hata pampu dhaifu huyamudu, kwa hiyo mtu aangalie njia ndogo za kabureta, vali ya hewa ya kutuliza injini, au mpira wa vakumu uliopasuka.

Linalozima baada ya nusu saa ya mwendo na kupona likipumzishwa huelekeza kwenye joto au kwenye tundu la hewa la tangi. Lililoanza kusumbua kilomita chache baada ya kujazwa mafuta linataka yale mafuta yachunguzwe kabla ya kifaa chochote kuguswa.

Baada ya maswali, moto utenganishwe na mafuta. Gari likizima, palepale barabarani, plagi moja ya akiba ichomekwe kwenye waya wake na kugusishwa kwenye chuma cha injini, mbali na mvuke wowote wa petroli, kisha stata ipigwe. Cheche ya bluu yenye nguvu huelekeza macho kwenye mafuta. Ikikosekana, koili au moduli ya moto ndiyo ya kufuatwa, kwa sababu vifaa hivyo navyo hushindwa vikipata joto na kupona vikipoa, na huiga kabisa tabia ya pampu mbovu. Kipimo hiki kina faida ugonjwa ukiwepo. Asubuhi inayofuata gereji, injini ikiwa baridi, kila kitu kitaonekana kizima.

Kabla ya kufungua bomba lolote, usalama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hushuka na kutambaa sakafuni hadi ukutane na sigara, jiko la mkaa au cheche ya betri iliyo mbali na gari. Kazi ifanyike mahali wazi, kizimamoto kikiwa karibu, injini ikiwa imepoa. Na ile desturi ya kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira iachwe kabisa. Kiasi kidogo kikipotea njia na kuingia kwenye mapafu huleta homa ya mapafu inayoweza kuua, na aliyemeza hapaswi kutapishwa, kwa kuwa petroli hupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni ikirudi juu. Pampu ndogo ya kubonyeza kwa mkono hufanya kazi hiyo bila kumhatarisha mtu.

Magari ya kabureta

Peugeot 504, iliyozinduliwa mwaka 1968 na kuunganishwa Kenya hadi mwaka 2004, ilibeba abiria wa masafa marefu kwa miaka mingi, na bado zipo zinazotembea. Land Rover Series III zipo vilevile, mashambani na misheni. Katika magari ya kizazi hiki yenye kabureta, kwa kawaida pampu haimo tangini. Imefungwa ubavuni mwa injini, na kiwambo chake cha mpira huvutwa na mkono unaosukumwa na kemshafti. Kazi yake ni kuinyonya petroli kutoka nyuma ya gari na kuipeleka mbele kwa presha ndogo, sehemu tu ya bar moja.

Kupima pampu hii ni rahisi. Mpira unaoingia kwenye kabureta unachomolewa na kuelekezwa kwenye chupa, waya wa koili unatolewa ili injini isiwake na pasiwe na cheche, kisha msaidizi anapiga stata. Petroli inapaswa kuruka kwa mapigo yenye nguvu, pigo baada ya pigo. Ikidondoka kwa unyonge, jaribio linarudiwa pampu ikinyonya kutoka kwenye kidumu safi kilichowekwa karibu nayo. Mapigo yakirudi, pampu haina kosa, na kizuizi kiko nyuma, kati yake na tangi. Unyonge ukibaki, pampu imeshtakiwa kwa haki. Kijiti cha kupimia oili nacho kivutwe: kiwambo kilichochanika huweza kuvujisha petroli hadi kwenye oili, na oili iliyopanda kipimo huku ikinuka petroli haifai kuendelea kuzungushwa ndani ya injini.

Tundu la hewa la tangi huonewa kwa kusahauliwa. Kila lita inayotoka inapaswa kupokewa na lita ya hewa inayoingia. Mfuniko wa asili ukipotea, ukanunuliwa mwingine usio na tundu, au tundu likazibwa na vumbi na matope, tangi hujenga utupu, na pampu huvuta kama mtu anayenyonya soda kwa mrija ulioziba. Gari linaweza kwenda nusu saa kabla ya kuzima. Mfuniko ukifunguliwa wakati huo, hewa huingia kwa mlio wa kufyonza, na baada ya muda mfupi injini hukubali kuwaka. Kipimo chake hakigharimu kitu: safari fupi ya majaribio mfuniko ukiwa umelegezwa, tangi likiwa halijajaa.

Kisha kuna petroli inayochemka bomba lingali limefungwa. Petroli ni mchanganyiko. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hadi 40 za Selsiasi, na joto la chini ya boneti hupita hapo kwa mbali. Kwa kuwa pampu ya ubavuni hunyonya, presha kwenye bomba lake ni ndogo kuliko ya hewa ya nje, na presha ikishuka kimiminika huchemka mapema zaidi. Mwinuko huongeza tatizo: presha ya hewa Nairobi ni pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Bomba likijaa mvuke, pampu hupiga mapovu na kabureta hukauka.

Madereva wa zamani walijua dawa ya njiani, kitambaa kilicholoweshwa maji na kuwekwa juu ya pampu na bomba lake. Injini ikiamka baada ya hapo, utambuzi umekamilika. Dawa ya kudumu hupatikana kwa kutafuta kilichoondolewa: bati la kukinga joto la ekzosi ambalo fundi fulani hakulirudisha, kipande kinene kinachotenga kabureta na chuma cha moto, au mpira uliobadilishwa na kupitishwa karibu mno na manifoldi. Gari lilipotoka kiwandani lilikuwa na kinga hizo, na mara nyingi kuzirudisha kunatosha.

Ndani ya kabureta yenyewe, bakuli la petroli hukusanya vumbi na kutu, na sindano inayofungwa na boya huweza kukwama. Ikikwama imefungwa, injini hufa kwa njaa. Ikikwama wazi, injini hufurika na kutoa moshi mweusi. Kabureta nyingi zina pia solenoidi ndogo ya kukata mafuta ufunguo unapozimwa. Waya wake ukichomoka, gari hukimbia vizuri ila hukataa kutulia mguu ukiondolewa kwenye akselereta. Swichi ikiwa imewashwa, waya huo uguswe na kuachiwa. Solenoidi nzima hutoa mlio mdogo wa "tik".

Magari ya nozeli

Corolla ya mlimani Kitonga ni ya kizazi kingine. Pampu yake imezama ndani ya tangi na husukuma badala ya kunyonya, ndiyo maana kuchemka kwa petroli bombani ni nadra. Injini za Toyota za 4A-FE, zilizofungwa kwenye maelfu ya magari ya aina hii, hupimwa kwa kigezo kinachojulikana: presha ya kilopaskali 265 hadi 304, yaani karibu bar 3, mpira wa vakumu wa regyuleta ya presha ukiwa umechomolewa. Ukirudishwa injini ikiwa imetulia, presha hushuka kwa takriban nusu bar. Injini ikizimwa, presha isishuke chini ya kilopaskali 147 kwa dakika 5.

Kwenye chemba ya injini ya Corolla nyingi za miaka hiyo kuna kiboksi cha uchunguzi chenye mfuniko mweusi. Waya mfupi ukiunganisha tundu la +B na la FP, ufunguo ukiwa umewashwa, pampu huzunguka bila injini kuwaka, na petroli husikika ikipita kwenye mpira wa kurudi tangini. Herufi hizo husomwa chini ya mfuniko wenyewe. Zihakikishwe mara mbili, kwa kuwa kuunganisha tundu lisilo lake huweza kuunguza fyuzi au kifaa cha thamani.

Namba za geji huzungumza wazi. Presha ikiwa ndogo, mpira wa kurudi unabanwa taratibu kwa muda mfupi sana. Presha ikipanda juu haraka, pampu na chujio vina uwezo na regyuleta ndiyo inayovujisha. Isipopanda, tatizo liko upande wa pampu, wavu au chujio. Petroli ikionekana ndani ya mpira wa vakumu wa regyuleta, kiwambo chake kimechanika. Presha inayoporomoka mara injini inapozimwa huleta ugumu wa kuwasha asubuhi. Kwa kawaida haielezi gari linalozima mlimani, na fundi anayeichanganya dalili hiyo na hii atafukuza kivuli.

Kwa ugonjwa unaokuja na kuondoka kuna mbinu inayostahili kujulikana zaidi. Geji hufungwa kwa mpira mrefu wa presha na kutegwa kwenye kioo cha mbele kwa nje, isiingizwe kamwe ndani ya gari, kisha watu wawili wanapanda mlima. Mmoja anaendesha, mwingine haondoi macho kwenye mshale. Nguvu ikipotea huku presha ikishuka hadi bar 1.5, kesi ya mafuta imethibitika. Nguvu ikipotea na mshale umeganda karibu na bar 3, njia ya petroli hadi kwenye reli haina hatia, na hakuna sababu ya kununua pampu wala chujio. Safari moja ya namna hiyo ina thamani kuliko boksi zima la spea za kubahatisha.

Presha ikiwa imeshuka, kinachofuata ni umeme. Pampu ni mota, na mota inayopata volti 10 mahali pa 13 husukuma pungufu hata ikiwa mpya. Mita ichomekwe kwenye plagi ya pampu, chini ya kiti cha nyuma katika magari mengi, injini ikiwa inafanya kazi. Tofauti ya zaidi ya volti moja hivi na betri inamaanisha kuna waya uliooza, kiungio chenye kutu, au waya wa bodi uliolegea. Pampu nyingi zimetupwa kwa kosa la waya huo.

Relei nayo ina historia yake. Honda Accord na Civic za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990 zilijulikana duniani kote kwa relei kuu ya mfumo wa mafuta ambayo lehemu yake ya ndani hupasuka nyufa ndogo. Gari likiachwa juani, joto la kabini huzitanua nyufa hizo na pampu hukosa umeme. Jioni likipoa, linawaka kana kwamba halikuwa na lolote. Tiba yake ni kufungua boksi la relei na kulehemu upya viungio vyake. Kidokezo huwa masikioni: ufunguo ukiwashwa, pampu nzima huvuma kwa sekunde mbili hivi kisha hunyamaza. Kimya tangu mwanzo humaanisha fyuzi, relei, waya au pampu, na mita itachagua kati yao.

Umeme ukiwa kamili na chujio likiwa jipya, presha ikaendelea kushuka, hapo pampu ndiyo ya kubadilishwa. Wakati tangi limefunguliwa, wavu na sakafu ya tangi vioshwe, la sivyo pampu mpya itarithi uchafu uliomuua mwenzake. Dereva naye ana sehemu yake. Petroli ndiyo inayoipoza mota iliyo tangini, na gari linaloishi kwa kutiwa lita mbili tatu kila asubuhi huiacha pampu ikichemka karibu na sakafu yenye tope.

Mafuta yenyewe

Wakati mwingine mfumo wote ni mzima na kilichomo ndani yake ndicho kibovu. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa ajili ya kaya zinazoyatumia kwa taa na kupikia, na tofauti hiyo ya bei iliwavuta wachakachuaji. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za utambulisho, kwenye mafuta nchini Tanzania ili uchakachuaji ugundulike, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa kupunguza kishawishi. Kenya ilifuata njia inayofanana mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Kwa mwenye gari, vipimo viwili vya nyumbani husaidia. Matone machache kwenye karatasi nyeupe safi: petroli nzuri hukauka upesi bila kuacha alama ya kueleweka, yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Cha pili ni chupa inayoonyesha, iliyojazwa kutoka chini ya chujio au bakuli la kabureta na kuachwa itulie. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hukaa chini na kuonyesha mstari dhahiri. Kijiko kimoja cha maji kikifika kwenye kabureta kinatosha kuzimisha injini, na kwa kuwa maji husogea tangini gari linapopinda au kupanda, ugonjwa huja na kuondoka na kumchanganya hata fundi mzoefu.

Dizeli na hewa isiyoonekana

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haina plagi za moto wala kabureta, lakini nayo huzima, na adui wake mkubwa ni hewa. Upande wa kunyonya, mpira uliozeeka au washa iliyochoka huingiza hewa bila kudondosha tone la dizeli, ndiyo maana kutafuta unyevu chini ya gari hakusaidii. Barabara za matuta madogo hulegeza viungio hivyo mmoja baada ya mwingine.

Kipande cha mpira mwangavu kikifungwa kati ya chujio na pampu ya nozeli, mapovu yataonekana kwa macho. Pampu ya mkono iliyo juu ya chujio nayo hutoa ushahidi. Ikiwa laini baada ya gari kuzima, hewa imeingia na dizeli imerudi nyuma. Ikibonyezwa na kubaki imelala chini bila kurudi, kuna kizuizi kuelekea tangini. Ikiwa ngumu na dizeli imejaa, swichi ya solenoidi ya kukata mafuta ichunguzwe kwa mita na kwa sikio. Kidumu cha dizeli safi kilichoinuliwa juu kuliko pampu, kikiunganishwa moja kwa moja, hukata shauri lililobaki: injini ikienda vizuri, kosa liko kwenye bomba au tangi.

Baada ya ukarabati

Gari linalozima mlimani halijathibitishwa kupona kwa kuzungushwa mara mbili mbele ya gereji. Lipelekwe kwenye mazingira yaleyale yaliyolishinda: mlima uleule, mzigo uleule, saa ileile ya jua, kiasi kilekile cha mafuta tangini. Geji ibaki imefungwa kwa safari hiyo, na kila kiungio kilichofunguliwa kikaguliwe kwa tochi injini ikiwa inafanya kazi na tena ikishapoa, kwa kuwa washa za shaba zilizotumika mara ya pili hupenda kutoa jasho la petroli baada ya joto la kwanza.

Namba ziandikwe kwenye daftari la gari: presha injini ikiwa imetulia, presha mlimani, volti kwenye plagi ya pampu, tarehe na kilomita. Mwaka mmoja baadaye, gari likianza tena kulegea, fundi yeyote atakayelipokea atakuwa na kipimo cha gari hilohilo lilipokuwa zima, na ataanza kazi kwa kulinganisha namba mbili badala ya kuagiza pampu nyingine.